Kiti Kilichowatazama Wanafunzi

Aliingia darasani kabla ya mhadhiri, akachagua kiti kimoja cha mbele, karibu na dirisha, akakigeuza. Akaketi ameupa ubao mgongo, uso wake kwa wanafunzi. Mhadhiri alipofika na kumkuta hivyo, mara nyingi alisita mlangoni kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Yeye hakugeuka. Alisema tu, "Ingia, mwanangu, endelea na kazi yako. Sikuja kukutazama weye."

Sisi tulimwita Mkufunzi. Cheo chake rasmi kilikuwa kirefu, kimeandikwa mlangoni kwa herufi ndogo, na sikumbuki kumsikia mtu akikisoma hadi mwisho. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wahadhiri wa chuo kikuu kufundisha. Najua wengi wakisikia hivyo hushangaa, basi nieleze taratibu. Anayetaka kufundisha shule ya msingi hupelekwa chuo cha ualimu, akafunzwa kushika chaki, kupanga somo, kumsubiri mtoto anayefikiri. Anayetaka kufundisha chuo kikuu huulizwa jambo jingine kabisa: umesoma somo lako mpaka wapi? Akiwa na shahada ya uzamivu hupewa ratiba na ukumbi uliojaa vijana, na kila mtu hudhani kwamba ajuaye kitu ajua pia kukifikisha. Mimi nilisoma takwimu miaka mingi. Namna ya kuifundisha hakuna aliyenionyesha, mpaka nilipoajiriwa katika kampasi yetu ndogo ya kisiwani, upande wa Bondeni, nikakutana na mama huyu wa Mji wa Kale mwenye buibui na viatu vya mpira.

Namwandika sasa kwa sababu mwaka huu nimekalia nafasi yake, na nimetakiwa kujibu swali ambalo yeye alilijibu kabla yangu kwa gharama yake mwenyewe: anayekwenda darasani kumsaidia mhadhiri, je, ampe alama? Alama hizo ziende ofisini, zisaidie kuamua nani aongezewe mkataba na nani aage. Nimezunguka na swali hilo, na kila nilipogeuka nimemkuta yeye na kiti chake.

Siku aliyokuja darasani kwangu mara ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kama bwana harusi. Nilikuwa na slaidi za rangi, nilikuwa na mifano, nilikuwa na shati jipya. Nilisema kwa saa nzima bila kukohoa. Mwisho nikawauliza wanafunzi, "Mmeelewa?" Wakaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Nikamtazama Mkufunzi kwa pembe ya jicho, nikingoja sifa.

Alinichukua kwa miguu hadi kwa mama mmoja wa Bondeni anayeuza mahamri na mbaazi, kwani hakuwahi kuzungumza na mhadhiri yeyote ofisini baada ya kumtembelea. Alisema ofisi humfanya mtu ajitetee. Tulipokwisha kuandaliwa, alimega hamri lake, akalichovya, akasema, "Umefundisha vizuri sana, Karisa."

"Ahsante, Bi Mkufunzi."

"Ubao umeelewa kila kitu."

Mama muuzaji alicheka kabla yangu. Mimi nilibaki na kijiko hewani.

"Kuna kijana wa safu ya tatu mwenye fulana ya buluu," akaendelea, bila kunionea wala kunibembeleza. "Mwanzo alikuwa yuwaandika mbio mbio. Ulipogeuka ukaanza kuandika ile fomula ndefu, akaweka kalamu chini. Mwenzake akamtazama, naye akaiweka. Kisha ikawa kama taa za mtaa mzima zikizimika, moja moja. Hukuziona kwa sababu ulikuwa wazungumza na ukuta."

"Lakini niliwauliza, wakasema wameelewa."

"Alaa! Hapo hukuuliza. Hapo uliwaamkia." Akanifutia meza mbele yangu kwa kiganja, kama anayetaka kuandika juu yake. "Mimi nikikwambia u hali gani, wajibu nini?"

"Njema."

"Hata kama usiku kucha jino lakuuma?"

"Njema, alhamdulillahi," akaitikia mama muuzaji kwa niaba yangu.

"Ehe. Mtoto wa pwani amelelewa hivyo. Mtu mzima akimuuliza mbele za watu kama ameelewa, atasema ndiyo, kwa sababu akisema la atakuwa amekuaibisha weye. Si muongo, ni mwana wa watu. Sasa kama wataka kujua, usimuulize yeye. Mwambie amuelezee mwenzake, nawe upite katikati yao utege sikio."

Wiki iliyofuata nilifanya hivyo. Niliwaambia wafundishane kwa dakika chache yale niliyoyasema, nikapita katikati ya viti. Masikio yangu yalipata joto. Nilisikia mambo ambayo sikuyasema kamwe, na ambayo hakuna mtu duniani aliyepata kuyasema juu ya takwimu. Nikarudi ubaoni, nikaanza upya, safari hii pole pole. Tangu siku ile sijawahi kuuliza "mmeelewa?" Nikilisikia neno hilo kwa mwenzangu kupitia dirishani, huisubiri ile "ndiyooo" na kucheka peke yangu kwenye korido.

Alikuwa na desturi nyingine, ya Jumatano alasiri. Wahadhiri tuliotaka tulikutana chumbani kwake, na kila mara mmoja wetu alitakiwa atufundishe jambo lisilohusiana na somo lake, dogo kiasi kwamba muda mfupi ungetosha. Sharti lilikuwa moja tu: wakati ukiisha, tuweze kulifanya sisi wenyewe. Kulielezea hakukutosha, wala kulisifu. Kulifanya.

Daktari Murtaza wa uhandisi, ambaye jamaa zake wana duka la vifaa vya nyumbani mjini, alichagua kutufundisha kusukuma chapati. Alileta donge la unga limefunikwa kwa kitambaa safi, kibao na mpini wa kusukumia. Kisha akashika kalamu ya ubao, nasi tukajua tumekwisha. Alichora duara. Akachora mishale kuonyesha nguvu zinavyotoka katikati kwenda ukingoni. Akaeleza kwa nini unga hurudi ukisukumwa, akaandika neno refu la kitaalamu, akalipigia mstari. Mchoro ulikuwa mzuri mno. Muda ulipokwisha, donge lilikuwa bado chini ya kitambaa chake, hakuna aliyeligusa.

Mkufunzi aliinuka, akafunua kitambaa, akalibonyeza kwa kidole. Lilikuwa limeanza kukauka juu.

"Nani ana njaa?" akauliza.

Sote tukainua mikono.

"Basi kuleni mishale."

Daktari Murtaza alicheka hadi akavua miwani. Lakini alikuwa mtu wa kukubali changamoto, na juma lililofuata alirudi na mkono mweupe wa unga, jiko la gesi la mtungi mdogo, na madonge ya kutosha kila mtu. Hakusema zaidi ya maneno machache. "Sukuma. Geuza. Sukuma tena. Hapana, Karisa, usiikandamize, hiyo si adui yako." Chapati yangu ilitoka na umbo la ramani ya nchi nisiyoijua. Tulizila zote. Muhula ule ule alianza kuwapa wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza pampu mbovu wazifungue kabla hawajasikia mhadhara wowote juu ya pampu. Mara ya kwanza alituambia hakulala, akihofia wangemdharau. Mara ya pili walikataa kutoka darasani. Walitaka waziunganishe tena.

Nisimfanye malaika, maana mwenyewe angenipiga kwa mkoba. Huyu mama aliyetufundisha kungoja, yeye mwenyewe hakuweza kungoja kitu chochote nje ya darasa. Ukisimulia hadithi, alikumalizia sentensi, na mara nyingi aliimalizia vibaya. Alivuka barabara kati ya tuktuk kama anayevuka sebule yake. Alituhimiza tufike darasani mapema, ilhali yeye alichelewa kila kikao, kwa sababu kutembea naye mtaa wa Ndia Kuu kulikuwa sawa na kutembea na bibi harusi: kila mlango uliita jina lake, na kila mwenye duka la vinyago alitaka kujua habari za magoti yake. Alisimama, akaamkiana na kila mmoja salamu nzima, za nyumbani, za watoto, za kazi, akaitikia "njema" kote kote, kisha akaniambia pembeni, "Hayo magoti yaniua."

Tena alikuwa mwoga wa kuhutubu. Ndivyo. Mtu aliyekaa mbele ya madarasa yetu bila kupepesa alialikwa siku moja aseme maneno mafupi katika mkutano mkubwa wa chuo, na nilimwona jukwaani akishika kipaza sauti kama samaki anayeteleza. Alisahau salamu. Akaishukuru meza. Aliposhuka, nilimwambia kwamba hotuba ilikuwa nzuri.

"Wanipa salamu tena," akasema.

Ndipo nilipoelewa kwa nini hakuwahi kumcheka mhadhiri aliyeogopa darasa lake. Nami nawaambia wenzangu wapya jambo hilo hilo: hofu ya kusimama mbele ya watu haimaanishi kwamba hufai. Aliyetufaa sote alikuwa nayo mpaka anastaafu.

Alificha halwa kwenye droo, chini ya karatasi za semina. Aliwaita maprofesa "mwanangu" na mfagiaji wa ukumbi "mwalimu", na hakueleza kwa nini. Alikuwa bahili wa sifa kuliko mtu yeyote niliyepata kufanya kazi naye. Sifa yake kubwa kabisa kwangu, baada ya miaka, ilikuwa hii: "Leo kalamu hazikulala."

Sasa nije kwenye lile swali.

Miaka michache kabla hajastaafu, Naibu Mkuu wa kampasi alimwita. Nieleze kwamba Naibu si mtu mbaya. Ni mtu wa mipango, na alikuwa na tatizo la kweli: mikataba ya wahadhiri ilikuwa inaisha, nafasi zilikuwa chache, na hakuwa na njia ya kujua nani anafundisha vizuri. Akaona kwamba yupo mtu mmoja anayeingia madarasa yote. Akamwomba, kwa adabu, aanze kuandika alama.

Mimi nilikuwepo, kwani nilikuwa nimepeleka matokeo ya mtihani, na Naibu aliniambia nikae. Labda alidhani mtu wa takwimu angemuunga mkono.

"Bi Mkufunzi, ni alama tu," alisema. "Wewe tayari unaenda. Tayari unaona. Unachoongeza ni kuandika ulichokiona."

"Bwana Naibu, mimi nikienda na kalamu, sitaona tena."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mhadhiri atanifundisha miye. Wale vijana atawasahau. Atanichezea ngoma, nami nitaandika jinsi achezavyo ngoma. Weye utapata alama nzuri za ngoma."

Naibu alitabasamu, lakini hakuacha. "Kitengo chako kinatumia chumba kizima. Watu wanauliza kinaleta nini. Nisaidie nikutetee."

"Nakuelewa, baba. Walahi nakuelewa. Lakini wananifungulia mlango kwa sababu natoka mikono mitupu. Siku nikitoka na alama, mlango huo haufunguki tena, nawe hutapata alama wala hutapata walimu."

Chumba kilichukuliwa muhula uliofuata. Kiligeuzwa ofisi ya udahili. Mkufunzi alipewa pembe yalikokuwa yakihifadhiwa madawati mabovu chini ya ngazi, mahali ambapo mtu mrefu kama mimi huingia ameinama. Alihamisha birika, halwa na kiti kimoja. Vikao vya Jumatano vikafanyika ngazini, kila mtu na kidato chake, wanafunzi wakitupita na kutuomba radhi. Sikumsikia akilalamika. Nilimsikia akimwambia Daktari Murtaza, aliyetaka kuandika barua kali, "Kaa kitako. Chumba si kazi. Leo zamu ni ya nani?"

Alipostaafu, niliombwa nichukue nafasi yake pamoja na vipindi vyangu. Nikakubali kwa moyo mkunjufu. Halafu mwaka huu Naibu, ambaye sasa ana mvi zaidi na nafasi chache zaidi, aliniita na ombi lile lile. Safari hii aliongeza neno: nikikataa, kitengo kitafungwa kabisa, hata pembe ya chini ya ngazi. Akanipa hadi Jumatatu.

Ningekuwa na swali peke yake, ningelala. Lakini alikuwapo Bi Kadzo. Huyu ni mhadhiri wetu mpya wa uuguzi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja, aliyefanya kazi wodini muda mrefu na anayejua kumhudumia mgonjwa kuliko wote. Darasani alikuwa anazama. Alisoma slaidi neno kwa neno, kwa sauti ndogo, na wanafunzi walishaanza kutoroka kwa mlango wa nyuma. Alinijia mwenyewe, jambo linalohitaji ujasiri, akaniomba nimtembelee.

"Ijumaa saa nne ninafundisha," akasema. "Lakini kaka Karisa, niambie kwanza. Nimesikia mambo. Ukija, utaandika?"

Kama ningesema sitaandika, ningekuwa nimekwisha kumjibu Naibu na kukifunga kitengo. Kama ningesema nitaandika, kile ambacho ningekiona kwake kingemwondoa kazini kabla hajapata nafasi ya kujifunza. Nikamwambia nitamjulisha. Aliitikia "haya, sawa," kwa sauti ile ile ya wanafunzi wangu wa zamani. Nikajua hakukuwa na sawa yoyote.

Siku iliyofuata, Alhamisi, nilikwenda nyumbani kwa Mkufunzi, Kibokoni. Binti yake akaniambia hayupo, yuko skuli.

"Skuli gani? Si amestaafu?"

"Skuli ya udereva, kaka. Twamkataza, hasikii. Ati amechoka kubebwa."

Nilimkuta huko kweli, katika chumba cha juu ya duka la simu, ameinamia ubao mpana uliochorwa mji mdogo wenye barabara na mizunguko. Alikuwa akisukuma kigari cha kuchezea kwa kidole. Vijana waliomzunguka walikuwa na umri wa wajukuu zake. Aliponiona alifurahi, lakini hakukiacha kigari chake.

"Masalkheri, Bi Mkufunzi."

"Masalkheri, mwanangu. Nyamaa kwanza, niko kwenye mzunguko, na huyu wa kulia ndiye mwenye haki."

Alipokwisha kutoka kwenye mzunguko, nilimweleza yote, Naibu, Jumatatu, Bi Kadzo. Alisikiliza bila kunimalizia hata sentensi moja, jambo lililonitisha kidogo. Kisha akanyanyuka na mkoba wake.

"Mimi leo si mkufunzi, ni mwanafunzi. Nna zamu ya barabarani sasa hivi. Ndoo uketi nyuma."

"Nije nifanye nini?"

"Uketi."

Gari lilikuwa dogo, lenye herufi nyekundu ya mwanafunzi mbele na nyuma. Mwalimu wake alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, mpole wa sura, mwenye kofia. Alinitazama nilipoingia na shati langu la kazini na kitambulisho shingoni, akanyooka kitini. Hakuuliza mimi nani. Aliwasha redio, akaizima. Tukaondoka.

Tulishika njia ya kuelekea Liwatoni, na tangu mwanzo niliona kuna kitu kimeharibika. Mwalimu yule alikuwa hanyamazi. "Klachi, bibi! Mama huyu lazima aangalie kioo! Sisi hapa hufundisha kioo kwanza, kisha ishara, kisha ndipo kuondoka!" Kila sentensi aliimaliza kwa kuinua macho kwenye kioo cha katikati, na ndani ya kioo macho yake yalikutana na yangu. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya gia muda wote, na gia ilibadilika kabla Mkufunzi hajaifikia. Alieleza sheria ambazo hakuna aliyemuuliza. Alieleza maana ya alama za barabarani tulizokwisha kuzipita. Sauti yake ilikuwa safi, ya kukariri, kama ya mtu anayesoma slaidi.

Nilimtazama Mkufunzi kwa ubavu. Mabega yake yalikuwa yamepanda hadi masikioni. Uso ule nilioujua, uliowahi kuyatuliza madarasa, ulikuwa wa mwanafunzi anayengoja kengele. Kila alipoulizwa, "Umeelewa, bibi?" aliitikia, "Ndiyo, mwalimu."

Ndiyo! Yeye!

Tuktuk ilichomoza kutoka kushoto. Mwalimu wakati huo alikuwa kwenye kioo, akiniambia mimi jambo juu ya umbali wa kusimama. Mkufunzi alikanyaga kitu, gari likaruka, mwalimu akashtuka na kuvuta breki ya mkono, na tukasimama pua kwa pua na tuktuk. Dereva wake alitoa kichwa nje.

"Bibi! Rudi jikoni!"

"Jikoni nimeshastaafu!" Mkufunzi akamjibu, akiushika usukani kama alivyoshika kile kipaza sauti.

Tuktuk ikaondoka. Mwalimu alijifuta jasho, kisha akageuka nyuma kwangu, na hakuweza tena kujizuia.

"Bosi, samahani. Nikuulize. Umetumwa na mwenye skuli? Maana amesema mwezi huu atapunguza walimu. Ukiandika, andika pia kwamba huyu mama ni wa wiki ya kwanza. Si mimi."

Mkufunzi hakugeuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akitazama mbele. Lakini niliona kwenye kioo kwamba ananisubiri. Mama yule asiyeweza kungoja alikuwa ananingoja.

"Ndugu yangu," nikamwambia mwalimu, "sikutumwa na mtu. Siandiki chochote, na simjui mwenye skuli. Tena sikuja kukutazama wewe. Namtazama huyu."

Alinikagua mikono. Ilikuwa mitupu. Akavuta pumzi ndefu, akavua kofia, akaitupa juu ya dashibodi. Akauondoa mkono wake kwenye gia.

"Haya, bibi yangu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti ilikuwa yake. "Tuanze upya, pole pole. Hapo ulipokanyaga, ulitaka nini?"

"Nilitaka kusimama. Mguu ukanikatalia. Goti."

"Goti gani?"

"La kushoto. Laniuma tangu jana."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Weye huniulizi, wanisomea."

Alicheka. Akamsogezea kiti mbele, akamwonyesha namna ya kukanyaga klachi kisigino kikiwa chini ili goti lisibebe uzito. Kisha akanyamaza. Alinyamaza kweli kweli, akitazama miguu ya mwanafunzi wake. Gari likaondoka bila kuruka. Karibu na Liwatoni, mahali ambapo barabara inateremka kwenye mashua zinazotengenezwa, Mkufunzi aliingiza gia ya pili kwa mkono wake mwenyewe, na mabega yake yakashuka.

Aliegesha kando ya ukuta, vibaya kidogo, akazima injini. Mwalimu akatoka kununua maji. Tukabaki wawili.

"Bi Kadzo yuwafundisha lini?" akauliza.

"Kesho, saa nne."

"Utaandika?"

"Sitaandika."

Nilingoja hata ile sifa yake bahili. Haikuja. Alikuwa akikunja na kukunjua goti lake, akilipima.

"Basi mwambie leo hii, umpigie simu. Usingoje mpaka uwe umeshaketi. Huyu kijana umemwambia baada ya tuktuk."

Nilitoa simu. Bi Kadzo aliipokea haraka, kama aliyekuwa ameishika mkononi. Nilimwambia nitakuja, sitaandika, na nitaketi nimewaelekea wanafunzi. Akauliza kama anaweza kuacha slaidi na kuleta mkono wa bandia wa wodini, wanafunzi wajaribu kufunga bendeji wenyewe. Nikamwambia alete na bendeji za kutosha kila mtu.

Nilipokata simu, Mkufunzi alikuwa ameshawasha gari, ijapokuwa mwalimu wake bado alikuwa dukani akichukua chenji.

"Na Naibu?"

"Nitamjibu Jumatatu asubuhi. Nitamweleza yote, na yale ya tuktuk pia."

"Ile pembe ya ngazi ataichukua."

"Aichukue. Kiti tunacho."

Aliitikia kwa kichwa mara moja, akatazama kioo cha katikati, kisha cha pembeni, akawasha ishara. Mwalimu alikuja mbio na chupa zake, akaingia, akafunga mlango, akaweka mikono yake miwili juu ya mapaja.